Saa ya Bwana Ngazi

Ijumaa, 4 Aprili

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya nguo za Idi. Idi imepita, wateja wamechukua nguo zao, kurasa zimebaki tele. Basi nitaandika mambo ya humu nyumbani mpaka masika yaishe, maana nikiyasema kwa mdomo nagombana na kila mtu.

Jambo lenyewe ni mkono wa Swafwan, mdogo wangu. Mwaka jana alianguka na pikipiki njia ya Mambrui, akainuka, akajipangusa, tukashukuru Mungu. Sasa mkono wa kulia unakufa ganzi. Juzi tulikuwa Mombasa kwa daktari, akatuonyesha picha: mishipa ya fahamu imebanwa shingoni. Anataka kumpasua. "Nitazuia kilichobaki kisipotee," alisema. "Kilichokwisha kupotea siwaahidi kitu." Nafasi tutapewa siku yoyote tutakayokuwa tayari.

Swafwan kasema hayuko tayari. Ana kazi moja ya kumaliza kwanza.

Kazi yenyewe ni mchezo wa televisheni. Wallahi sitanii.

Jumamosi, 5 Aprili

Wacha niieleze vizuri, nisije nikaisoma baadaye nikadhani nilikuwa na homa.

Bwana Ngazi ni mchezo wa zamani, wa kaseti ya kuchomeka. Karatasi yake ya jina ilibanduka sisi tungali watoto, kwa hiyo jina tulimpa wenyewe: ni kijitu kinachopanda ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka juu ya mnara kikagonge kengele. Watoto wote wa mtaani Shela, hapa Malindi, waliuacha walipokua. Swafwan hakuuacha. Kumbe na wengine hawakuuacha, huko Kilifi, Takaungu, hata Ganze, na wana mashindano yao mtandaoni: nani atamfikisha Bwana Ngazi juu upesi zaidi. Unacheza kwako, unajirekodi kwa simu, video unampelekea Mwalimu Mwaringa wa Kilifi, mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari huko. Yeye ndiye hakimu. Wa kwanza kwenye jedwali lake ni binti mmoja aitwaye Pola: dakika kumi na nane na sekunde arobaini na moja.

Swafwan anataka kumpita Pola, ijapokuwa kwa sekunde moja, kabla shingo yake haijaguswa na kisu. Hajawahi kumpelekea hakimu video hata moja. Ameapa hatapeleka kitu mpaka kiwe cha kwanza. Kiburi cha babake huyo, Mungu amrehemu.

Mimi ndiye mshika saa. Kwenye laptop kuna saa ya vipande. Unabonyeza kuianzisha, unabonyeza kila ghorofa ikiisha, unabonyeza kuisimamisha, nayo inakuonyesha kila kipande umekipita kwa muda gani: kijani ukiwa mbele, nyekundu ukiwa nyuma. Wengine hubonyeza wenyewe kwa kidole cha mguu. Sisi tuna mtindo wetu tangu yeye ana meno ya utoto. Akisema "Bismillahi" nabonyeza, naye anaanza. Ghorofa ikiisha husema "haya," nabonyeza. Kengele ikigongwa husema "Alhamdulillahi," nabonyeza, basi. Simu tunaiweka juu ya kigoda, inarekodi televisheni na mkono wake ulioshika padi, kile kibao cha vitufe cha kuchezea.

Mama hataki kusikia. Leo kasema, "Mkono unakufa, nyinyi mnacheza." Nikamjibu mimi, kwa sauti niliyoijutia mara ile ile: "Mwache apate lake, Mama. Huo mkono ndio uliomfanya mtu. Akipata tu, siku ile ile napiga simu Mombasa." Swafwan akaapa mbele yetu kwamba hata siku moja hataongeza. Mama akanitazama. "Haya. Wewe ndiye uliyesema."

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Saa nyekundu tangu ghorofa ya pili. Akaacha.

Ijumaa, 11 Aprili

Kumi na nane na hamsini na mbili. Akasema, "Da Raiya, padi inateleza." Nikaifuta kwa khanga. Haikuwa na maji.

Jumanne, 15 Aprili

Umeme umekatika kutwa. Nimeshona kwa cherehani ya mguu. Swafwan amekaa barazani anakunja vidole, anakunjua, kama anayehesabu tasbihi.

Jumamosi, 19 Aprili

Sijui niandike vipi.

Baada ya Alasiri mvua ilipumzika kidogo, umeme upo, tukakaa. Akasema Bismillahi, nikabonyeza. Tangu ghorofa ya kwanza nikamwona kabadilika. Mgongo umenyooka, macho hayapepesi. Kijani. Ghorofa ya tatu, ile yenye popo inayomtoa jasho kila siku, kaipita kana kwamba haikuwahi kumsumbua maishani mwake. Kijani. Mama alikuwa anapita na sinia la mchele, akasimama mlangoni. Ghorofa ya saba bado kijani. Mimi nilikuwa nimeuma ushungi wangu.

Kengele ikagongwa. Alhamdulillahi. Nikabonyeza.

Kumi na nane na arobaini na tatu.

Sekunde mbili! Pola kampita kwa sekunde mbili tu! Swafwan akaitazama ile namba, akacheka, kisha akaifunika laptop polepole kana kwamba ndani mna mtoto kalala. "Ghorofa ya mwisho nilichelewa ngazi moja," akasema. "Moja tu. Nitaipata." Ndipo nikaona machozi. Mama akatua sinia, akamshika kichwa, akakilaza tumboni kwake, na yeye mtu mzima mwenye ndevu.

Usiku Mama kaniambia, "Amekaribia, si ndiyo?" Kwa mara ya kwanza naye alitaka apate. Nikasema ndiyo, wiki moja, mbili hazifiki.

Alhamisi, 24 Aprili

Mto Sabaki umefura. Bahari mbele ya mji yote rangi ya chai ya maziwa, na magogo yanaelea. Swafwan: kumi na nane na arobaini na saba.

Jumamosi, 26 Aprili

Arobaini na tisa.

Jumamosi, 3 Mei

Wacheza Bwana Ngazi wana kundi lao la simu, na humo vijana wanabishana saa ipi ya vipande ni bora, ya nani inachelewa, ya nani inaruka. Mwalimu Mwaringa kaandika mstari mmoja tu: "Saa si ushahidi. Ushahidi ni picha." Basi, kanyamaza. Nani kamwuliza? Mtu akipewa filimbi ya shule anajiona kadhi. Nikamwonyesha Swafwan tucheke. Hakucheka. "Ndivyo alivyo," akasema, "lakini hapendelei mtu."

Jumatano, 7 Mei

Mvua siku tatu. Dari ya chumba cha Mama inavuja, ndoo mbili chini. Hakuna mchezo. Ana baridi vidoleni.

Jumapili, 11 Mei

Leo kikombe kimemponyoka. Kikombe cha chai, kimejaa, kikamwagikia mguuni. Hakusema "aa" kwa kuungua. Aliutazama mkono wake, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyekiachia.

Mama akaokota vigae. Akasema bila kuniangalia, "Wiki mbili ulisema."

Nikaenda kushona. Wallahi nimekasirika, na sijui namkasirikia nani. Namkasirikia Pola ambaye sijamwona. Namkasirikia Bwana Ngazi na miguu yake mifupi. Ami Farjallah, nduguye Baba, alipopita jioni akasema kijana kadekezwa, nikamwambia Ami, kahawa yako inapoa. Alielewa, akanywa, akaenda zake.

Jumanne, 13 Mei

Hamsini na tano. Nilimwambia twende Mombasa. Nilimwambia kwa upole, nilivyoweza. Akasema, "Da Raiya, mimi sikumaliza shule kwa ajili ya homa, mpira sikucheza, chuo sikufika. Kuna kitu kimoja ulimwenguni nakijua kuliko watu. Nipe mwezi huu." Nikampa. Mwezi si wangu, lakini nikampa.

Jumanne, 20 Mei

Nguo za Idi ya kuchinja zimeanza kuingia. Kanzu tisa. Hakuna mchezo.

Alhamisi, 22 Mei

Dakika kumi na tisa na ushei.

Jumapili, 25 Mei

Anashika kijiko kwa mkono wa kushoto na anadhani hatuoni. Mama anampakulia wali wenye mchuzi mwingi, usisumbue. Nilikuwa nikimwona Mama mtu wa kulalama tu. Sasa namwona anakata nyama vipande vidogo jikoni kabla hajaileta, kwa watu wote, ili yeye asijione peke yake.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua asubuhi, mvua mchana. Alicheza mara mbili, hakumaliza hata moja. Nilipombonyezea saa nikasikia kimya kirefu kabla mchezo haujaanza. Nikamtazama. Alikuwa anakipeleka kidole kwenye kitufe, kinakwenda, kinakwenda. Kisha mchezo ukaanza. Mimi nikageuza uso, nikajifanya natunga uzi.

Jumapili, 1 Juni

Leo amecheza vizuri. Sijui nguvu kazitoa wapi. Na leo hii, kati ya siku zote, laptop ikaganda ghorofa ya nne! Saa imesimama, nabonyeza, haisikii. Nikakaa kimya nisimvurugie. Kengele ilipolia akasema Alhamdulillahi, akageuka haraka, uso unang'aa. "Ngapi?"

Nikamwonyesha kioo kilichoganda.

Sijamwona hivyo tangu kifo cha Baba. Alisema hii ndiyo ilikuwa yenyewe, ameihisi kwenye mifupa, na mimi nimemkosesha. Kisha akaomba radhi, na radhi ile ikaniuma zaidi. Nikachukua simu, nikampigia hakimu. Namba yake ipo kwenye kundi.

"Mwalimu, saa yetu imekufa katikati ya mbio. Video tunayo nzima. Tutajuaje muda?"

"Kwa picha," akasema. Sauti nzito, ya polepole. "Video ni picha zimepangwa, dada yangu, thelathini katika kila sekunde. Unatafuta picha mchezo ulipoanza, unatafuta picha kengele ilipoguswa, unahesabu zilizo katikati. Saa haina kazi hapo."

Nikamwambia sitaweza peke yangu, na mtandao wetu hauwezi kupeleka video kubwa vile. Akasema njoo nayo Kilifi Jumanne, vipindi vyangu vinaisha mchana. Sikutegemea wema huo kwake.

Jumanne, 3 Juni

Nimefika nyumbani na baibui limeloa mpaka magotini. Swafwan kaniuliza, nikamwambia bado anahesabu, subiri kesho. Nimemdanganya. Niandike kwanza, nipate kujua nitamwambia vipi.

Mwalimu nilimtarajia awe mtu mrefu wa kujisikia. Ni mfupi, ana miwani iliyofungwa uzi, katika kijichumba cha mipira na jezi zinazonuka jasho, na mvua inapiga mabati mpaka tunasemezana kwa kupaza sauti. Alinikaribisha kiti, yeye akakaa juu ya debe. Kwanza tukahesabu ile ya Jumapili. Dakika kumi na nane na hamsini. Haikuwa yenyewe. Alinionea huruma, nikaona. Akasema, "Nipe nyingine moja yenye saa inayofanya kazi, nilinganishe, nijue simu yenu inarekodi sawasawa."

Nikampa ya tarehe kumi na tisa Aprili, kwa sababu ndiyo nzuri tuliyonayo.

Akasikiliza mwanzo. Akarudisha. Akasikiliza tena.

"Hiyo sauti anasema nini?"

"Bismillahi."

"Na huo mlio, tak, ni wewe unaanzisha saa?"

"Ndiyo."

"Sasa tazama televisheni." Akasogeza picha moja moja. Bismillahi. Tak. Na kwenye televisheni bado picha ya mnara, bado, bado, bado. Kisha nyeusi, mchezo ukaanza. "Sheria yetu, muda unaanza hapa, palipokuwa peusi." Akaenda mwisho. Kengele ikaguswa. Swafwan akatua padi mapajani, akavuta pumzi, ndipo akasema Alhamdulillahi. Tak. "Na unakwisha pale kengele ilipoguswa. Nyinyi mmeingiza dua na shukrani ndani ya mbio."

Akahesabu. Akavua miwani, akaifuta, akahesabu upya tangu mwanzo, na mimi nimeshika ukingo wa meza.

"Kumi na nane na arobaini," akasema. "Na kitu kidogo, haifiki arobaini na moja. Mwambie ndugu yako amempita Pola."

Nilipiga kigelegele. Ndiyo, mimi, mle ndani, wanafunzi wakachungulia dirishani. Nikamwambia Mwalimu, Mungu akupe umri, akupe na dari isiyovuja. Naye anacheka, ananipa mkono. Kisha akachukua kalamu aandike kwenye jedwali, akaniuliza, "Mbio hizi ni za tarehe ngapi?"

Nikafungua kinywa kumjibu.

Tarehe kumi na tisa Aprili. Siku ambayo Mama alisimama mlangoni na sinia. Siku ile Swafwan alikuwa bado anafunga vifungo vyake mwenyewe, anashika kikombe, anajikata kucha. Nilisema akipata tu, siku ile ile napiga simu. Alipata, na sikupiga simu. Nilikaa wiki sita na ushei nabonyeza saa, yeye akiukimbilia muda alioupata zamani, kwa mkono unaozidi kufa.

Mwalimu akadhani nimeugua. Akaniletea maji kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Nikamwuliza kwa nini hakuna aliyetuambia. Nilimwuliza kwa hasira, kama kwamba yeye ndiye aliyeiweka ile saa nyumbani kwetu. Akajibu taratibu. "Anayedhani kashindwa haniletei. Mimi nahesabu ninacholetewa." Kisha akasema, "Na nilipaswa kuandika zaidi ya mstari mmoja kwenye kundi. Hilo ni langu."

Nilikuwa na video zote kwenye laptop. Bila kuniomba ruhusa ya maneno, kwa macho tu, akafungua mianzo yake: ya Januari, ya Machi, ya Aprili, ya Mei. Bismillahi, tak, nyeusi. Januari kimya kile hukisikii. Aprili kama pumzi moja. Mei unangoja mpaka unadhani kaseti imeharibika. Hakunifafanulia, na sikuhitaji kufafanuliwa. Kimya kile kilikuwa kidole kikitafuta kitufe, na mimi nilikikalia karibu miezi yote ile nikitunga uzi.

"Kijana ana nini mkono huu?" akauliza.

Nikamweleza. Hakunihubiria. Alizima laptop, akaifunga kwenye jezi kuukuu isilowe, akatembea nami kwenye mvua mpaka barabarani.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia.

Nilitaka kumwambia nusu. Mwalimu alisema tarehe si lazima itajwe, anaweza kuandika muda peke yake jedwalini, nami njia nzima nikaona hilo ndilo la huruma. Asubuhi nikamwuliza Mama. Alikuwa anapepeta mchele. Nilimweleza yote, tangu Bismillahi mpaka jezi. Alipepeta mpaka ukaisha. Nilingoja aseme "wewe ndiye uliyesema." Hakusema. Akasema, "Mwambie mzima mzima. Mkono ni wake."

Nikamkuta chumbani na padi mapajani, haichezi, kaishika tu.

"Swafwan. Umempita Pola."

Akaruka! Akanikumbatia kwa mkono mmoja na nusu, akasema nilijua, nilijua, Jumapili niliihisi kwenye mifupa. Anacheka. Anaita "Mama! Mama, njoo!" Yarabi, furaha ile. Ningeweza kuiacha hivyo. Alikuwa ananiambia tayari atakavyomwandikia Pola kwa adabu, asijione katukanwa.

"Siyo ya Jumapili," nikasema.

"Ya lini?"

"Ya siku ya popo. Aprili. Kumi na tisa."

Nikamweleza saa yetu ilivyokuwa ikianza kabla yake na kumalizika baada yake. Alinielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi, mchezo ni wake. Nikamwona anahesabu kwa macho. Kicheko kikabaki mdomoni muda mfupi, hakijui kwa kwenda. Akaitoa padi mapajani kwa mkono wa kushoto, akaiweka kitandani.

"Basi ningekwenda Aprili," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeshamaliza."

"Ndiyo, Swafwan."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Hakuna aliyemkaribia mwenzake. Mvua ilikuwa imekatika na nje mtu anauza samaki, anaita bei, na sisi mle ndani tumesimama kama watu waliosahau walichokuja kuchukua.

Nikamwambia nisamehe. Nilisema mimi ndiye niliyekuwa na kidole kwenye saa. Akatikisa kichwa. "Mtindo ni wangu, Da Raiya. Nilikufundisha mimi, nina miaka saba." Kisha akageukia ukuta, na mabega yakaanza. Nililia naye. Mama akaingia, akafunga dirisha, majirani wasisikie.

Baada ya Adhuhuri nilipiga simu Mombasa.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Tumechinja, tumegawa. Swafwan kaenda kuswali amevaa fulana chini ya koti la Baba, kisingizio eti kanzu inambana. Muda wake umeshawekwa juu kabisa kwenye jedwali. Pola kamwandikia: "Hongera kaka, ghorofa ya tatu umeicheza siwezi kusema." Kanionyesha. Akasema, "Huyu ana adabu." Akaizima simu.

Jumanne, 10 Juni

Amelazwa. Daktari kamwuliza udhaifu umezidi tangu lini. Swafwan akasema, mwulize dada. Nikatoa laptop pale pale kitandani, nikamchezea mianzo yote kwa mpangilio, Januari mpaka Juni. Daktari hakuelewa anaonyeshwa mchezo wa nini. Kisha akaelewa, akavuta kiti, akaomba arudishiwe ya Aprili na ya Mei. Aliandika kwa muda mrefu.

"Mbona mlichelewa?" akauliza.

Mama akatazama chini. Mimi nikafungua mdomo.

"Nilikuwa nangoja jambo langu, daktari," Swafwan akasema. "Kumbe lilikuwa limeshapita."

Alhamisi, 12 Juni

Masaa matano ndani ya chumba cha upasuaji. Katoka salama.

Jumatano, 18 Juni

Mwalimu Mwaringa kaja Mombasa kwa basi la asubuhi, kabeba machungwa. Kakaa na Swafwan saa nzima wakizungumza popo. Kamwambia ameweka sheria mpya: yeyote wa Pwani alete mbio zake hata zile anazodhani kazishindwa, atazihesabu yeye kwa picha. "Ni kazi nyingi hiyo, Mwalimu," Swafwan akasema. "Nyingi," akakubali. Nilimsindikiza mpaka getini. Niliwahi kumwita kadhi wa filimbi. Sikumwambia.

Jumatatu, 23 Juni

Daktari kampima. Akamwambia funga ngumi, fungua, nishike kidole, nisukume. Mguu wa kulia, ambao hatukuwa tukijua kwamba nao ulikuwa hatarini, umeokoka. Bega limeokoka. Vidole vitatu vya kulia na dole gumba ndivyo vilivyokwenda. Havitarudi vilivyokuwa.

Swafwan akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia, "Na ningekuja Aprili?"

Daktari ni mtu mkweli, Mungu ambariki na Mungu amsamehe. "Ungebaki na mkono wa Aprili."

Nilitoka nje. Kuna benchi pale ukutani. Nilikaa mpaka mlinzi akaniuliza kama nina mgonjwa wodi ya wanawake.

Jumapili, 29 Juni

Tumerudi Malindi. Mvua zimepungua, bahari inaanza kurudi rangi yake. Mama kafagia chumba cha Swafwan, kaitia padi na kaseti ndani ya mfuko, kaniuliza kwa macho auweke wapi. Swafwan akasema, "Iacheni hapo hapo. Haikufanya kosa."

Ijumaa, 4 Julai

Leo kataka kwenda msikitini na kanzu. Siyo koti la Baba. Kanzu yake nyeupe, niliyomshonea mimi Idi ya mwanzo, yenye vifungo vidogo vidogo kifuani kwa sababu nilitaka kujionyesha fundi.

Alijaribu kwa mkono wa kushoto, mlango umefungwa. Tulimsikia anavyohema. Mama akanishika mkono nisiingie. Baadaye akafungua mwenyewe, akasimama mbele yangu kifua wazi, akainua kidevu kama alipokuwa mdogo.

Nikaanza kumfunga. Adhana ilikuwa imeshaanza, nikaogopa atachelewa khutuba, nikawa naharakisha, kifungo cha pili nikakikosesha tundu lake, ikanibidi nifungue nianze upya.

Akaweka mkono wake wa kulia juu ya wangu, ule uliolala, na uzito wake wote.

"Taratibu, Da Raiya," akasema. "Leo hatukimbizani na mtu."